Sura ya 6: Kitu Kilichochapwa Kinaweza Kuwa Imara?

Kila mazungumzo yanapofika kwenye mashine za kuchapa vitu, swali ni lilelile. Mtu ameona kwenye simu yake video ya mashine inayojenga gia, kikombe au kiganja cha bandia, tabaka juu ya tabaka, bila mkono wa binadamu kukigusa. Anastaajabu kwa dakika moja. Kisha anauliza: sawa, lakini kikianguka? Kikikaa juani miaka miwili? Kikibeba mzigo? Ni swali zuri, swali la mtu anayenunua ndoo kwa fedha yake mwenyewe na anayetaka idumu.

Jibu linaanzia mahali ambapo macho hayafiki. Uimara wa plastiki hauamuliwi na umbo lake peke yake. Unaamuliwa pia na jinsi chembe zake zilivyojipanga ndani, katika vipimo vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya maabara ya sekondari haivioni. Katika miaka ya karibuni wanasayansi wamejifunza kuuongoza mpangilio huo palepale kitu kinapochapwa. Jambo hilo linatuhusu sisi wa kusini mwa Tanzania kwa namna ambayo wengi hawajaitazama, kwa sababu molekuli yenye tabia inayofanana sana na ile inayotafutwa imo ndani ya ganda la korosho. Na korosho, wilayani Tunduru, si habari ya kusimuliwa.

Dumu na nailoni ni ndugu

Tuanze na neno moja. Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa kuunganisha molekuli ndogo nyingi, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa mnyororo. Plastiki zote ni polima. Mpira wa tairi ni polima, na pamba ya shuka pia.

Chukua dumu la njano la kuchotea maji na nailoni laini ya kufunikia kitalu cha miche. Vyote viwili kwa kawaida vimetengenezwa kwa polima moja, polithini, yenye kaboni na haidrojeni tu. Hata hivyo dumu lina ukuta mgumu unaobeba lita 20 kichwani, na nailoni inakunjika kama kitambaa. Tofauti iko kwenye minyororo. Ya dumu imenyooka, hivyo inalala ubavu kwa ubavu na kubanana. Ya nailoni ina matawi mengi yanayoizuia isikaribiane. Malighafi ni ileile, mpangilio ndio umebadilika.

Mpangilio huo hupimwa kwa nanomita. Ukiigawa mita moja katika vipande bilioni moja, kipande kimoja ni nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Vitu tutakavyovizungumzia katika sura hii vina upana wa nanomita chache, kumi au ishirini, wakati mwingine mia.

Mashine inafanya nini hasa

Zipo aina nyingi za mashine za kuchapa vitu, lakini msomaji akizijua mbili ameshika msingi.

• Mashine ya uzi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuuchora chini mstari kwa mstari, tabaka kwa tabaka. Mmarekani Scott Crump aliiombea hataza mwaka 1989.
• Mashine ya mwanga. Inatumia rezini, yaani majimaji mazito yanayogeuka kuwa plastiki ngumu yakipigwa mwanga wa aina fulani. Mmarekani mwingine, Chuck Hull, aliiombea hataza mwaka 1984.

Ya kwanza ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, Roy Ombatti alianza na wazo la kuchapa viatu kwa ajili ya watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza, kwa sababu kiatu cha dukani hakiingii kwenye mguu uliobadilika umbo. Baadaye alianzisha kampuni ya AB3D, inayounda mashine zenyewe kwa kutumia vipande vya vifaa vya elektroniki vilivyotupwa. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi ilishirikiana na watafiti wa Toronto, Kanada, kuchapa soketi za miguu ya bandia, yaani ile sehemu ya juu inayovaliwa na kigutu. Mguu unapimwa kwa kifaa cha mwanga badala ya kupakwa plasta, na mtoto anayekua anaweza kupimwa upya bila kuanza kazi yote mwanzo.

Mifano hii naipenda kwa sababu imeanza na mguu wa mtu. Lakini inatuonyesha pia udhaifu wa mashine ya uzi. Tabaka mpya inawekwa juu ya tabaka ambayo imekwisha kupoa kidogo, na minyororo ya tabaka hizo mbili haipati muda wa kutosha kuingiliana. Ukikivuta kitu hicho kwa urefu wa tabaka, kinavumilia. Ukikivuta kwa namna ya kuzitenganisha, kinaachana pale zilipoungana. Ndiyo maana fundi mzuri hujiuliza kwanza mzigo utatoka upande gani, ndipo aamue kitu kilale vipi kwenye mashine.

Mashine ya mwanga haina tatizo hilo kwa kiwango kile, kwa sababu tabaka mpya huungana kikemia na iliyo chini yake. Anayetaka kuiona kemia hiyo bila kusafiri, akumbuke daktari wa meno anavyoziba jino kwa dawa laini, kisha anaimulika kwa taa ya buluu. Sekunde chache tu, imekuwa ngumu. Rezini za mashine zinafanya kazi kwa kanuni ileile.

Tatizo lake ni jingine. Rezini ya kawaida ikiganda, minyororo hufungamana kila upande bila utaratibu, na kitu kinatoka kigumu lakini chepesi kukatika. Kinang'aa, kina umbo safi, kikianguka sakafuni kinapasuka. Hapa ndipo wengi waliokata tamaa na vitu vya kuchapwa walipokatia tamaa.

Mbuzi wawili, kamba moja

Ili kitu kiwe kigumu na bado kisipasuke ovyo, kinahitaji sehemu mbili ndani yake: ngumu ya kubeba mzigo, na laini inayonyumbuka ufa unapotaka kupita. Mtu angesema, basi tuchanganye plastiki ngumu na laini. Jambo hilo limejaribiwa mara nyingi, na mara nyingi limeshindikana, kwa sababu polima za aina mbili huwa hazipatani. Ukizichanganya zinajitenga, kila moja inakusanyika kwenye mabonge makubwa, na kitu kinavunjika pale mabonge yanapokutana.

Ufumbuzi ni kuzifunga pamoja kwa nguvu. Fikiria uwanja uliojaa mbuzi weupe na weusi, weupe hawawataki weusi, na weusi hawawataki weupe. Wakiachwa huru, weupe wote watakwenda upande mmoja wa uwanja na weusi upande wa pili. Sasa mfunge kila mweupe na mweusi mmoja kwa kamba ya mita mbili. Bado watakimbiana, bado weupe watatafuta weupe wenzao. Lakini hakuna kundi litakaloweza kuwa pana kuliko kamba inavyoruhusu. Uwanja mzima utajaa makundi madogo madogo, meupe na meusi yakipakana. Ukitaka makundi yawe mapana zaidi, refusha kamba.

Polima yenye sehemu mbili zisizopatana zilizoungana hivyo hufanya jambo hilo hilo, na makundi yake hupimwa kwa nanomita. Kamba ni urefu wa mnyororo. Mwanakemia anayeweza kuuamua urefu wa mnyororo anaweza kuuamua upana wa makundi.

Kuuamua urefu huo ni kazi ngumu. Minyororo ikiachwa ijiunge yenyewe, mmoja hurefuka sana, mwingine hufia njiani. Mwaka 1998 wanasayansi wa shirika la utafiti la taifa la Australia, CSIRO, akina Ezio Rizzardo, Graeme Moad na San Thang, walitangaza njia iitwayo RAFT. Wanaweka kwenye mchanganyiko molekuli inayopokezana zamu na minyororo: inaushika mnyororo mmoja ukapumzika, inauachia mwingine ukarefuka kidogo, kisha zamu inabadilika. Mwishowe yote inakua kwa pamoja na kufikia urefu unaokaribiana. Na la maana zaidi, ncha ya kila mnyororo inabaki hai, tayari kuongezewa sehemu ya pili wakati wowote.

Mwaka 2012 Myungeun Seo na Marc Hillmyer wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba mpangilio huo unaweza kunaswa. Waliyeyusha minyororo yenye ncha hai ndani ya majimaji ya molekuli ndogo. Molekuli hizo zilipoanza kujiunga kwenye ncha, sehemu mpya iliyokuwa ikikua haikupatana na ile ya zamani, zikaanza kujitenga. Lakini ndani ya majimaji yale walikuwa wameweka pia viungo vya kufungamanisha minyororo, hivyo kila kitu kikaganda kabla ya kwenda mbali. Kisha waliiondoa sehemu moja, pakabaki plastiki yenye vinjia vyembamba vilivyoungana kila upande, vya upana wa nanomita chache. Sehemu iliyoondolewa ilikuwa polima ya asidi ya laktiki, ambayo hutengenezwa kwa sukari ya mazao kama mahindi.

Ikabaki kuipeleka njia hiyo kwenye mashine ya mwanga. Mwaka 2022 kundi la Cyrille Boyer na Nathaniel Corrigan, Chuo Kikuu cha New South Wales jijini Sydney, lilifanya hivyo kwa mashine ya kawaida na mwanga wa zambarau. Walibadilisha mambo mawili tu, urefu wa minyororo ya mwanzo na kiasi chake ndani ya rezini, na ndani ya kitu kilichochapwa mpangilio ukabadilika: mara vitone vya plastiki laini ndani ya ngumu, mara sehemu mbili zilizofumana bila mwisho. Ugumu na unyumbufu wa kitu vikabadilika nao. Umbo ambalo jicho linaliona na mpangilio ambao jicho halioni, vyote vikatoka kwenye uchapaji mmoja. Kwa njia hiyo hiyo walichapa kifaa cha kuhifadhi umeme chenye umbo la ramani ya Australia, ambamo sehemu laini iliachwa iwe njia ya chaji na sehemu ngumu ikawa mifupa.

Kwa ufupi: kitu kilichochapwa kinaweza kuwa imara, ikiwa ndani yake kuna sehemu ngumu na laini zilizofungwa pamoja na kupangwa kwa nanomita. Siri ni molekuli yenye pande mbili zisizopatana.

Kinachochoma mkono

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anaijua molekuli kama hiyo bila kuambiwa jina lake. Ganda la korosho lina ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na katikati kuna matundu yaliyojaa mafuta meusi mazito. Yakigusa ngozi, yanaunguza na kuacha malengelenge. Kina mama wanaobangua hupaka majivu au mafuta mikononi kwa ajili hiyo.

Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni asidi anakadi. Ukiyapasha moto sana, asidi hiyo inapoteza kipande cha kaboni na oksijeni kwa njia ya hewa ukaa na kugeuka kadanoli. Zote mbili zina umbo moja la msingi: kichwa cha pete chenye kupenda maji, na mkia mrefu wa kaboni 15 wenye kupenda mafuta. Sabuni nayo ina kichwa na mkia, ndiyo maana inaondoa shombo la samaki kwenye sahani. Mkia ule ndio unaoyawezesha mafuta ya korosho kupenya kwenye ngozi, ambayo nayo ina mafuta, na kichwa kikafika kuleta madhara. Kinachomuumiza mbanguaji ndicho kinachomvutia mwanakemia.

Isitoshe, katika molekuli nyingi mkia huo una viungo viwili-viwili kati ya kaboni zake, kimoja hadi vitatu. Hapo ndipo molekuli nyingine zinaweza kushikia. Maabara kadhaa duniani zimekwisha kuunganisha kadanoli na kipande cha molekuli kinachoifanya rezini igande kwa mwanga, na zikapata rezini ambazo mkia unazipa unyumbufu. Viwandani mafuta haya yana historia ndefu zaidi: yamo kwenye breki za magari na kwenye rangi za kukinga meli, zinazokauka hata penye baridi na unyevu. Mwaka 2014 wanakemia wa Ulaya walionyesha namna ya kuyageuza kuwa molekuli inayovutia mbung'o kwenye mtego, na mkazi wa Tunduru, wilaya iliyopakana na pori lenye tembo, hahitaji kuelezwa mbung'o ni nini.

Hesabu yake ni hii. Katika tani moja ya korosho ghafi, takriban kilo 700 ni ganda. Ganda hilo lina mafuta ya kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake. Hivyo kila tani ya korosho inayopita kwenye mizani ya ghala la chama cha msingi cha ushirika ina mafuta yasiyopungua kilo 140 hivi, na hakuna mstari wa kuyaandika kwenye stakabadhi.

Korosho nyingi za Tanzania huuzwa ghafi na kusafirishwa kwenda India na Vietnam. Zinapoondoka, ganda linaondoka nazo, na mafuta yanakamuliwa huko. Zile chache zinazobanguliwa nchini, ganda lake mara nyingi huishia kwenye tanuri kama kuni. Nakumbuka msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Nchi nzima ilizungumza bei, kangomba (ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi) na maghala. Ganda halikutajwa. Siwalaumu wakulima, maana mtu aliyepulizia salfa msimu mzima ili kuuzuia ugonjwa wa ubwiriunga anataka fedha yake kwanza. Nawalaumu zaidi watu wa kalamu kama mimi, ambao kazi yetu ni kuuliza kilichobaki kwenye gunia.

Dar es Salaam walikwisha kuanza

Wapo waliouliza. Katika Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Egid Mubofu na wenzake walitumia miaka mingi kuyachunguza mafuta ya ganda la korosho. Katika mojawapo ya kazi zao waliyatumia kama kalibu: molekuli za mafuta zilijipanga zenyewe katika maji na kilevi, silika ikajengeka kuzizunguka, kisha mafuta yakaoshwa. Kilichobaki ni silika yenye matundu ya vipimo vya nanomita, inayofaa kushikilia kemikali za kuharakisha mabadiliko mengine. Katika kazi nyingine asidi anakadi ilitumika kuzizunguka chembe ndogo mno za madini zisigandamane.

Msomaji alinganishe na hadithi ya Minnesota: vitu viwili visivyopatana vinajipanga, kimoja kinagandishwa, kingine kinaondolewa, yanabaki matundu ya nanomita. Malighafi ni tofauti na njia ni tofauti, lakini fikra ni moja, na hii yetu imefanyika kwa mafuta ya korosho ya hapa nyumbani.

Usianze na mashine

Mtu wa maendeleo akisoma hadi hapa atasema, tuipelekee Tunduru mashine ya kuchapa. Mimi nasema isiwe ya kwanza. Mashine bila rezini ni sanduku lenye taa. Rezini huagizwa kutoka nje, ina muda wake wa kuisha, na ikiwa bado majimaji huwasha ngozi na haipaswi kumwagwa ovyo. Wilaya ikianza na mashine itakuwa mteja wa duka jingine la mbali.

Ianze na mafuta. Kukamua ganda ni kazi ya mtambo wa kawaida, sawa na kazi ambayo watu wa alizeti wanaifahamu, ingawa hapa lazima kuwe na glavu, bomba la moshi na uangalizi wa kweli wa afya. Kuyapasha mafuta mpaka yawe kadanoli na kuisafisha ni hatua ya pili, yenye kuhitaji fundi na kipimo. Kuiunganisha kadanoli na kile kipande cha kugandia ni hatua ya tatu, ya mwanakemia, na wanakemia tunao. Kila hatua ina soko lake hata kama inayofuata haijafika: mafuta ghafi yana mnunuzi wa rangi na breki, kadanoli ina bei kubwa kuliko mafuta ghafi, na rezini ina bei kubwa kuliko vyote. Rezini iliyopangwa kwa nanomita, ile ya mbuzi na kamba, itakuja juu ya msingi huo.

Kwa hiyo chama cha msingi kikikaa kuzungumza na mwekezaji wa kubangua, kabla ya kutia saini, wanachama waulize haya:

• Ganda ni mali ya nani baada ya korosho kubanguliwa, na limeandikwa wapi kwenye mkataba?
• Atalichoma au atalikamua?
• Akilikamua, mafuta yatauzwa yakiwa ghafi au yakiwa kadanoli, na nani atayapima ubora?
• Wabanguaji watapewa kinga gani ya mikono, na nani atagharamia matibabu ya walioungua?
• Yuko tayari kutoa sampuli kwa chuo kikuu kila msimu, ili ijulikane mafuta ya korosho za Tunduru yana asidi anakadi kiasi gani?